Kuvu Mbili Katika Muwa Mmoja

Hapa Heru Juu, mwenye harusi akitaka miwa haendi sokoni Kasulu. Anashuka bondeni kwa Uwimana. Miwa ya Uwimana ni myekundu iliyokolea, karibu na weusi, mabua yake manene lakini laini kwa meno, na utamu wake unakaa mdomoni mpaka umefika nyumbani. Mbegu yake aliileta mama yake, bibi Ndayikunda, alipovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Mgongoni alikuwa na mtoto, na kwapani vipande vya muwa vimefungwa kwenye majani ya mgomba. Wenzake walibeba masufuria. Alipoulizwa kwa nini yeye kabeba miwa, alijibu kwamba sufuria ataazima.

Mtoto wa mgongoni ndiye huyo Uwimana. Leo ni mama wa makamo, mrefu, mwenye kicheko kinachotangulia maneno yake, na ni mwimbaji wa kwaya ambaye hajawahi kushika sauti sawasawa. Mwalimu wa kwaya alijaribu mara moja kumhamishia kwenye kamati ya maua. Uwimana alishukuru kwa kupewa kamati, akaendelea kuimba. Mume wake, Leonidasi, ni mpole, anapika pombe ya ndizi, na husema maneno machache kwa siku. Binti yao wa kwanza, Aline, ameolewa Kibondo, kwa hiyo watu wote humwita Uwimana Mama Aline.

Mwaka juzi, kiangazi kilipoanza, alikuja Abdulrahmani kutoka Kasulu mjini. Huyu ana mashine ya kukamua juisi ya miwa karibu na stendi, anatia ndimu na tangawizi, na wateja wake hawakosi. Alizoea kuchagua miwa mwenyewe shambani. Siku hiyo alikata muwa mmoja, akaupasua kwa urefu ili aonje, halafu akasita. Ndani ulikuwa mwekundu kama nyama, na katikati ya wekundu kulikuwa na mabaka meupe yaliyokatiza bua. Alinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama Aline," alisema kwa upole, "huu umeshaanza kuwa pombe. Na mimi wateja wangu wengi wanatoka msikitini."

Uwimana alicheka, kwa sababu alikuwa hajaamini. Alichukua panga, akapasua muwa wa pili, na wa tatu, na mingine mstari mzima. Mingi ilikuwa na wekundu uleule na harufu ileile ya uchachu. Mingine haikuwa na harufu, ila ndani ilikuwa imekauka, myepesi, yenye rangi ya zambarau iliyofifia kama ganda la kitunguu, na imetoboka katikati kama filimbi. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa hacheki tena.

Jioni alipika, akaandaa, akakaa kimya. Leonidasi alimtazama, akaweka kijiko chini. Katika ndoa yao yote, mwenye kunyamaza alikuwa yeye.

"Miwa?" aliuliza.

"Miwa ya mama inaoza," alisema Uwimana.

Asubuhi shemeji yake alifika. Habonimana ni mdogo wake Leonidasi, shamba lake liko ng'ambo ya mfereji, naye ana maneno kwa niaba yake na ya kaka yake. Alisema ugonjwa umetoka kwa Uwimana na kumvukia yeye. Uwimana akasema umetoka kwake na kumvukia Uwimana. Walibishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe Leonidasi aliwaambia wapasue miwa ya pande zote mbili waone. Walikuta imeoza pande zote, wakakaa kwenye ukingo wa mfereji, mmoja huku na mwingine kule, wamechoka.

Aliyewatoa pale ni Abdulrahmani. Hakutaka kupoteza miwa ile, na zaidi ya hapo alikuwa anampenda yule mama. Mama mdogo wa Abdulrahmani anaishi Tanga, na binti wa mama huyo, Tunu, ni mtafiti wa magonjwa ya mimea. Wakati huo Tunu alikuwa Kigoma kwa kazi ya mihogo. Abdulrahmani alimpigia simu, akamwambia kwamba huku Kasulu kuna miwa inayotoa harufu ya pombe na mama anayehitaji kusikilizwa. Tunu alifika wiki iliyofuata, amevaa mabuti ya mvua na ushungi wa kijani, na jambo la kwanza alilofanya ni kuomba kisu na mkeka.

Alipasua miwa barazani, akaipanga, akamwita Uwimana aketi karibu.

"Mama, hapa una magonjwa mawili," alisema. "Huu mwekundu wenye mabaka meupe ni kuvu ya aina moja. Huu wa zambarau, uliokauka, ni kuvu ya aina nyingine. Kila moja inaozesha bua kwa namna yake. Na huu hapa…" Aliinua muwa mmoja uliokuwa na tundu dogo kando ya pingili. "Funza ametoboa, na kuvu zimepitia kwenye tundu lake. Nadhani huu una zote mbili."

"Zote mbili ndani ya muwa mmoja?"

"Zote mbili."

"Sasa zinaishije? Zinagawana?"

Tunu alimtazama kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolipenda. Alieleza kwamba hilo ndilo watafiti wanalolihangaikia. Mahali pengine kuvu mbili zikikutana, muwa unaoza upesi zaidi. Mahali pengine zinagombania sukari ileile na kuzuiana. Inategemea aina ya muwa, hali ya hewa, funza, na nani amefika kwanza. Kwa muwa mwekundu kama huu wa Uwimana, yeye hakujua, wala hakumfahamu mtu ambaye angejua.

Kisha alisema neno zito. Shamba lote ling'olewe na kuchomwa, la Uwimana na la Habonimana. Mahali pale pasipandwe muwa kwa msimu mmoja au miwili.

Bibi Ndayikunda, ambaye siku hizo alikuwa amekuja kutoka Kagerankanda kumtembelea binti yake, alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Aliuliza kwa Kiha binti huyu anasema nini. Uwimana alimtafsiria. Bibi alitikisa ungo kwanza, akapuliza makapi, ndipo akasema, "Mwambie mimi nilivuka na vipande vinavyoenea kwenye kwapa. Akinipa vinavyoenea kwenye kwapa vikiwa vizima, nitaanza tena."

Tunu alipoambiwa, aliinuka, akavaa mabuti yake. Walishuka wote shambani kutafuta. Juu kabisa, kwenye mwinuko ambako maji hayatuami, walikuta miwa isiyo na tundu wala doa. Haikuwa mingi, lakini ilizidi ya kwapa moja. Uwimana alianza kuigusa mmoja mmoja kama anaisalimia.

Hapo Tunu akasema alilokuwa nalo moyoni. "Mama, nusu ya hii tutaifanya mbegu. Nusu nakuomba niifanyie majaribio. Nitaitia kuvu kwa makusudi, mstari mmoja hii, mstari mmoja ile, mstari mmoja zote mbili, na mstari mmoja maji matupu. Halafu tupasue tuone. Baada ya hapo tutaichoma kama mingine. Ukikataa, sitakulaumu, na mbegu nitakusaidia vilevile."

Ni ombi gumu kumpa mtu aliyebakiwa na kidogo. Uwimana aliendelea kuigusa miwa. Aliniambia baadaye, mimi jirani yake, kwamba hakufikiria sayansi. Alifikiria mama yake njiani, anapishana na watu waliobeba masufuria. Halafu akafikiria kwamba kama angejua zamani kilichokuwa ndani ya bua, asingefikishwa hapa.

"Chukua," alisema. "Lakini siku ya kupasua nitapasua mimi."

Kung'oa kulikuwa kazi ya watu wengi, na sisi majirani tulikwenda. Mtu angetazamia huzuni, lakini ilikuwa kama sikukuu. Kwaya nzima ilikuja na majembe, Uwimana akaanzisha nyimbo kwa sauti yake isiyoshikika, na watu wakamfuata popote alipoelekea. Abdulrahmani alileta maandazi na chupa kubwa za chai. Miwa mibovu ilirundikwa, ikakauka, ikachomwa, na moshi wake ulinukia sukari iliyoungua mpaka barabarani. Watoto wa shule walipita wakimeza mate.

Iliyoleta kituko ni mbegu. Tunu alisema vipande vya mbegu vinatakiwa vilowekwe kwenye maji ya moto, nyuzi hamsini, kwa muda wa masaa mawili, bila kupungua wala kuzidi sana. Maji ya moto hayamalizi kila kitu, alionya, lakini yanapunguza. Swali likawa chombo. Sufuria zote za Heru Juu zilikuwa ndogo. Watu wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Leonidasi.

Leonidasi ana pipa. Humo hupika pombe yake ya ndizi, huliosha kwa mchanga na majani, hulifunika, halikopeshi hata kwa mchungaji.

"Hapana," alisema.

"Baba Aline," alisema mkewe.

"Litanuka miwa."

"Na sasa hivi linanuka nini?"

Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, akaenda kulileta. Kisha hakumruhusu mtu mwingine kulisogelea. Aliketi kwenye kigoda, ameshika kipimajoto alichopewa na Tunu, anaongeza ukuni mmoja, anaondoa mwingine, anamwaga kikombe cha maji baridi. Wapita njia walinusa, wakaja na vikombe. Kila mmoja alipochungulia na kukuta vipande vya miwa vinaelea kwenye maji, alimwangalia Leonidasi kwa huruma. "Mambo yamekuwa magumu hivyo?" aliuliza mmoja. Leonidasi alijibu kwamba pombe hii itaiva mwakani.

Walipanda vipande vile kwenye shamba jipya upande wa pili wa kilima, wakamwagilia kwa ndoo kutoka kijitoni. Kila panga lililotumika lilichovywa kwenye maji yenye jiki kabla ya kugusa kipande kingine. Habonimana alilalamika kwamba panga lake sasa linanukia kama hospitali.

Kuhusu mistari ya majaribio, Tunu alirudi na vichupa vyake. Alitoboa kila bua kwa msumari safi, akatia punje ya mtama iliyoota kuvu, akaziba kwa utepe. Mstari wa kuvu nyekundu ulifungwa kitambaa chekundu, wa zambarau kitambaa cha bluu, wa zote mbili vitambaa viwili, na wa maji matupu haukufungwa kitu. Kwenye mstari wa zote mbili alitia kwanza ile ya zambarau, siku chache baadaye akatia ile nyekundu palepale.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza kijijini. Habonimana alisema hadharani kwamba wezi wawili wakiingia nyumba moja hawabakizi hata mlango, mstari wa vitambaa viwili utaoza mpaka mizizi. Uwimana alikubaliana naye, na hilo lenyewe lilikuwa habari. Leonidasi alisema hautaoza sana. Alipoulizwa sababu, alisema hana sababu, ila tangu utoto wao kila alichokisema Habonimana yeye husema kinyume chake, na mara nyingi amefaulu. Wakawekeana dau kwamba atakayeshindwa atawapikia wote. Tunu aliombwa aseme upande wake. Alisema yeye anaogopa kupika ugali wa muhogo, kwa hiyo hatasema.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha siku ya kupasua ilipofika. Watu walijaa bondeni. Uwimana alivaa kitenge cha harusi ya Aline, akakunja mikono, akatwaa panga lililonolewa.

Alianza na mstari wa maji. Ndani mlikuwa na alama ndogo ya kahawia pale msumari ulipopita, na pengine pote palikuwa peupe na maji matamu yanatiririka. Mstari wa bluu ulikuwa na zambarau kuzunguka tundu, haikwenda mbali. Mstari mwekundu ulifanya watu waguse midomo. Wekundu ulikuwa umepanda na kushuka, umevuka fundo baada ya fundo, na harufu ya uchachu ilitoka kila bua lilipofunguka.

Kisha vitambaa viwili. Uwimana alipasua wa kwanza akainama. Akapasua wa pili. Akaendelea mpaka mwisho wa mstari, halafu akamtazama Tunu.

"Umekomea njiani," alisema.

Ilikuwa hivyo. Wekundu ulikuwepo, na zambarau ilikuwepo, lakini kidonda kilikuwa kifupi kuliko cha mstari mwekundu peke yake. Ni muwa mmoja tu katika mstari ule uliooza tangu chini hadi juu, na huo ulikuwa umetobolewa na funza. Tunu alipiga magoti kwenye matope, anapima kwa rula, anatabasamu peke yake.

"Zimegombana," alisema Habonimana taratibu. "Wezi wamekutana stoo wakashikana mashati."

"Inaelekea hivyo," alisema Tunu. "Ila msiifanye kuvu kuwa dawa. Hili ni shamba moja, muwa wa aina moja, msimu mmoja. Ningetanguliza ile nyekundu, pengine tungeona mengine. Nitarudia, na nitapeleka vipande maabara."

Kisha alichukua bua moja la vitambaa viwili, akazifumba tena nusu zake mbili kama halijapasuliwa, akamkabidhi Uwimana. "Mama, kama ungeliona hili sokoni, bila kitambaa, ungelichagua kuwa mbegu?"

Uwimana alilizungusha. Kwa nje lilikuwa zuri, limenyooka, linang'aa. Alama yake ilikuwa ndogo, ya kupuuzwa.

"Ningelichagua," alisema. "Kila mtu hapa angelichagua."

"Basi huo ndio wa kuogopwa. Ule uliooza sana unautupa. Huu unaupanda, na ndani umebeba kuvu zote mbili."

Watu wakaanza kukumbuka ni nani alimpa nani mbegu, harusi gani, mwaka gani. Nusu ya bonde tulikuwa tumepeana miwa mizuri yenye alama ndogo. Habonimana alivuka mfereji, akaja kusimama kando ya shemeji yake. "Kwa hiyo hakuna aliyemvukishia mwenzake," alisema. Uwimana alimjibu kwamba wote wawili walivukishiana, na kwamba yeye anapenda maharage yaungwe kwa nazi, kama watu wa Tanga, na asisahau chumvi.

Habonimana na Uwimana walipika pamoja, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameshindwa. Leonidasi alihudumiwa kwenye kigoda, akala kwa utulivu mkubwa. Tunu alijifunza kusonga ugali wa muhogo hata bila kushindwa, akatoka jasho, na ugali ukawa na madonge. Bibi Ndayikunda aliula wote aliopewa, akasema kwa Kiha kwamba binti wa pwani anafaa, ila asiolewe na mpishi yeyote atakayemcheka. Uwimana alipotafsiri alibadilisha kidogo, na waliojua Kiha wakapaliwa.

Mwaka huu, miwa mipya ya upande wa pili wa kilima ilikomaa. Uwimana aliipasua mingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu ya kuona weupe. Wa kwanza aliutafuna bibi Ndayikunda, kwa meno ya upande wa kushoto ambayo bado yako imara, akatema makapi, akaomba mwingine. Habonimana alipewa mbegu, naye akaikagua kila pingili mbele ya mwenye kumpa, bila aibu, na mwenye kumpa alimsifu.

Mwezi uliopita wakulima wa Kibondo walimwomba Uwimana aende akawaonyeshe. Alisafiri na kifurushi cha mabua, mabovu na mazima, Tunu akiwa amemsaidia kuyachagua na kuyafunga vizuri ili yasiambukize. Aline alimpokea stendi na mjukuu mgongoni. Kwenye ukumbi wa mikutano walikuwepo wakulima wa vijiji vingi, na wengine wa karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta, na ilipobainika kwamba wote wanaelewa Kiha, Uwimana aliacha Kiswahili chake cha mikutano, akaanza kusema kama anavyosema bondeni. Aliwapitishia mabua wanuse. Aliwafanya wakisie kabla ya kupasua. Mzee mmoja alichagua bua zuri kuliko yote, akaapa kwamba ndilo la mbegu, na lilipofunguka likiwa na rangi mbili ukumbi mzima uliangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka zaidi yao, akaomba achague tena.

Mvua ilianza kupiga bati kwa nguvu hata sauti haikusikika. Mwenyekiti alitaka kuahirisha. Uwimana alimpungia mkono akae, akashika panga, akatandika gunia sakafuni, akawaita watu wasogee karibu, na mafunzo yakaendelea kwa ishara tu. Anainua bua, wao wanaonyesha vidole, yeye anapasua, na kila mara aliyepatia anapewa kipande kizima akitafune.